Laki tisa kwa Kenwood TS-440S ya mtumba: ninunue au niiache?

Mpiga_Mita40 (Chake Chake)

Asalaam alaykum wadau. Maombi yangu ya leseni ya redio ya maamateri (kuzungumza hewani kwa kujifurahisha) yako TCRA, na inshallah hayatachukua muda. Sasa natafuta redio yangu ya kwanza ya mawimbi mafupi. Bajeti yote, nasema yote, pamoja na waya, pawa saplai na nauli ya boti, ni milioni moja na laki mbili. Haiongezeki, mke ameshaijua.

Kuna mzee Bububu anauza Kenwood TS-440S. Anasema aliachiwa na mgeni aliyekuwa akifanya kazi hapa miaka ya tisini. Anataka laki tisa. Picha nimeziona: sura safi, vitufe vyote vipo, maikrofoni ipo, na nyuma yake inaonekana pawa saplai kubwa ila hajasema kama imo kwenye bei. Kwa simu jibu lake ni moja tu, "inawaka vizuri kabisa".

Jamaa yangu wa Dubai ananambia niachane na vitu vya makumbusho, nichukue Xiegu G90 mpya, atakuja nayo. Na Darajani nimeoneshwa redio koli ya Codan kwa laki tatu unusu, wati zaidi ya mia. Miye nataka kitu ambacho siku nikipata uwezo wa kununua kikubwa zaidi, nitakiuza bila kulia. Nishaurini.

Dalali_Darajani

Yakhe, hiyo Codan naijua, iko kwangu. Laki tatu unusu ni bei ya kaka. Chuma cha Australia kile, ukikiangusha inaumia sakafu.

FundiMlandege

Dalali, ina kichwa chake cha kubonyezea au ni boksi tupu?

Dalali_Darajani

Boksi. Kichwa kinatafutwa.

FundiMlandege

Basi unauza uzito. Mleta uzi, nikueleze hizi Codan maana utakutana nazo nyingi. Zilikuja na miradi na mashirika ya misaada, zikafungwa kwenye magari na ofisini enzi simu za mkononi hazijafika kila kijiji. Simu zilipoenea, zikapelekwa mnadani kwa mafungu. Redio zenyewe ni imara mno, sina ugomvi nazo. Tabu ni tatu. Nyingi zina kichwa na waya wake maalumu, na bila hivyo huwezi hata kuiwasha. Pili, zimetengenezwa kwa chaneli: mtu wa mradi alipangiwa masafa yake na hakutakiwa kuzungusha chochote. Za zamani kabisa masafa yamo ndani ya chipu, za karibuni yanaingizwa kwa kompyuta na kebo yake, na nyengine zimefungwa kwa nywila ambayo aliyeiweka hayuko tena Afrika. Tatu, sisi tunazungumza kwa LSB, ukanda wa chini wa sauti, chini ya megahezi 10. Uliza kama hiyo uliyooneshwa inayo LSB, kwa sababu kuna zilizotoka na USB, ukanda wa juu, peke yake.

Ukipata Codan kamili, ina kichwa, maikrofoni, kebo, na imeshafunguliwa kuzungusha masafa yote, chukua mbio. Boksi tupu linunue kwa bei ya vipuri.

Na uzuri wa kuiuza? Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Hapa visiwani redio ina thamani kwa vitu viwili: nani atainunua baada yako, na nani ataifungua ikifa. Ulaya kuna maelfu ya wanunuzi, redio mbovu hupata mtu wa kuitaka kwa vipuri. Hapa ukiwa na kitu kisichojulikana utakaa nacho. Ndiyo maana nasema Icom, Yaesu na Kenwood za kawaida, ambazo kitabu cha fundi kinapatikana mtandaoni, kila mtu anazijua kwa jina na mnunuzi wa pili yuko, awe Dar, Mombasa au Nairobi. Hao majirani wahesabu, soko letu peke yetu ni dogo.

TS-440S nitairudia usiku, nina kazi mezani.

Bi_Masafa (Fuoni)

Ndugu wa Chake, karibu. Mimi naanzia kwenye bei, fundi ataanzia kwenye bisibisi.

Usiangalie bei watu wanazotaka mtandaoni, angalia zilizouzwa kweli. eBay wana kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, bonyeza hicho. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 700, tatizo ni nani aliyelipa. TS-440S nzima, iliyojaribiwa, nimekuwa nikiiona ikienda kati ya dola 250 na 350 kule nje. Yenye kasoro inashuka mpaka nusu na chini ya hapo. Sasa laki tisa ya mzee wako ni bei ya juu ya redio nzima, na uzima wenyewe hujauona.

Atakwambia kule nje kuna gharama ya kusafirisha na ushuru, kwa hiyo ya hapa iwe ghali zaidi. Ana hoja nusu. Redio iliyokwisha kufika kisiwani inakuepusha na mizigo, forodha na suala la ithibati ya kifaa, hilo nalilipia. Lakini gharama hiyo mzee hakuitoa yeye. Aliachiwa. Mpe kidogo kwa ajili ya hilo, usimpe yote.

G90: nzuri kwa kuanzia, wati 20, ina antena tyuna ndani, inatumia umeme kidogo hata betri ya sola inaibeba. Ila ukinunua kitu kipya, hasara ya kwanza unaibeba wewe. Ukiifungua tu boksi imeshashuka. Redio ya miaka ya themanini imeshashuka yote iliyotaka kushuka, ukiitunza utaiuza karibu na ulivyonunua. Sisemi ni bora kusikiliza, nasema haitakula pesa zako ukiwa umelala.

Jambo jengine ambalo wauzaji hawalisemi: jua. Shughuli za jua zina mzunguko wa karibu miaka 11, na kilele cha mzunguko huu wa 25 kimekuja 2024. Jua likiwa kileleni bendi ya mita 10 (bendi tunaziita kwa urefu wa wimbi) inakuwa wazi, mtu na wati tano anaongea na Japani mchana kweupe, na zile redio za mita 10 peke yake, ndogo za kufunga garini, zinauzwa kama maandazi. Usinunue hizo kwa nia ya kuuza baadaye. Jua likipoa bendi hiyo italala siku nyingi, na bei italala nayo. Redio yenye mita 40 na 20 haina msimu.

Mpiga_Mita40

Ahsante sana Bi Masafa, na fundi. Hilo la jua sikulifikiria hata kidogo. Nasubiri ya usiku.

Sahani26 (Wete)

Mpemba mwenzangu, kabla hujatoa hata shilingi, je unajua juu ya vichwa vyetu kuna setilaiti ya maamateri isiyotembea? QO-100, imo ndani ya Es'hail-2 ya Qatar, ilirushwa Novemba 2018, iko nyuzi 25.9 mashariki. Kutoka hapa Wete naiona juu sana, zaidi ya nyuzi 70 kutoka upeo, upande wa magharibi ukielekea kaskazini kidogo. Hakuna mnazi wala jengo la kuiziba.

Kuisikiliza unahitaji dishi la kawaida la televisheni, LNB (kile kichwa cha dishi) nzuri isiyohama masafa, na kile kidude cha SDR cha kuchomeka USB ya kompyuta, kinachoigeuza kuwa redio. Inateremka kwenye gigahezi 10.489 na pointi zake. Dishi la mtumba watu wanakupa bure baada ya kuhamia king'amuzi chengine. Ukipata dishi la duara lenye LNB katikati, litaelekea juu karibu kama bakuli, toboa kitundu katikati maji ya mvua yatoke. Kusikiliza tu kuna raha yake, utasikia Ulaya, Brazili, Afrika Kusini, saa ishirini na nne. Kurusha ni gharama nyengine, gigahezi 2.4.

Mpiga_Mita40

Mashallah, sikulijua kabisa. Dishi ninalo juu ya bati, halina kazi. Lakini roho yangu iko mita 40, nataka kuzungumza na watu wa bara na Kenya jioni.

Babu_wa_Mosi

Vijana, salamu. Mnazungumzia bei, nami nitie la historia kwani linahusu bei hizohizo.

Zamani Zanzibar ilikuwa na herufi zake za mwanzo wa kolsaini (jina la kituo hewani), VQ1. Tanganyika VQ3, Kenya VQ4. Waliokusanya nchi duniani walitutafuta kama wanavyotafuta dhahabu, maana tulihesabiwa peke yetu. Baada ya Muungano tukaingia kwenye 5H ya Tanzania, na kwenye DXCC, orodha ya nchi wanayoitumia maamateri, Zanzibar ikafutwa: mawasiliano yanayohesabika kama Zanzibar ni ya hadi tarehe 31 Mei 1974, baada ya hapo ni Tanzania tu. Ila visiwa vimebaki na hesabu yake, kwenye orodha ya visiwa ya IOTA. Unguja ni AF-032, Pemba ni AF-063. Ndiyo maana kila mwaka mnaona wageni Nungwi na Paje wametundika waya kwenye minazi ya hoteli, wanapiga 5H1.

Faida kwenu iko hapo. Mgeni anakuja na redio, betri, antena ya fimbo, koaksi (waya wa antena) mita thelathini. Siku ya kuondoka begi limezidi kilo kwa sababu mke wake kanunua viungo na vinyago. Koaksi, fimbo, betri, pawa saplai, vitu hivyo huviacha au huviuza kwa bei ya kutupa. Mimi nusu ya vyombo vyangu nimevipata hivyo. Mwandikieni kabla hajafika, kwa adabu, mwambieni mna leseni au mnaisubiri, na mkikutana naye msianze na bei. Msimkalie mgeni mlangoni kama mapapasi.

Na wewe wa Chake: mpaka upate kolsaini, sikiliza tu. Kitufe cha kurushia usikiguse isipokuwa redio imefungwa kwenye mzigo bandia, rezista inayokaa mahali pa antena.

Dalali_Darajani

Babu umewafungulia watu siri ya mji.

FundiMlandege

Nimerudi. TS-440S.

Ni redio ya katikati ya miaka ya themanini, wati 100, inasikiliza kutoka chini kabisa hadi megahezi 30, na imeuzwa nyingi mno duniani. Kwa hiyo kitabu cha fundi kipo, vipuri vya kuchopoa vipo. Hayo mazuri.

Ugonjwa wake mmoja unajulikana kila kona. Ndani, kwenye sehemu ya VCO inayotengeneza masafa, kiwandani walimwaga gundi kushikilia vijipande visitikisike. Gundi ile ikizeeka inavuta unyevu, inapitisha umeme kidogo na kula miguu ya vipuri. Kifungio cha masafa kinaachia, na badala ya namba kwenye kioo unaona nukta tu. Redio inakuwa bubu. Sasa fikiria unyevu wa Unguja, masika juu ya masika, redio iko kabatini Bububu, bahari mita chache. Nitashangaa sana kama hiyo haina dalili.

Ujanja wa nukta ni kwamba mara nyingi haziji redio ikiwa baridi. Mzee akikuwashia dakika tano, akakupa chai, akazima, umeondoka na furaha. Wewe iwashe, iache iwake, mle mzungumze, mswali, halafu ndiyo uanze. Pitia kila bendi kuanzia mita 160 mpaka 10, zinaweza kutokea bendi moja na nyengine zikawa salama. Gonga kifuniko polepole kwa mpini wa bisibisi uone kama namba zinatetereka.

Kabla ya kuiwasha tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, kuna mtu aliingia, muulize nani na kwa nini. Ukiruhusiwa kufungua, tafuta kutu ya kijani kwenye bodi na miguu ya viunganishi. Harufu ya kuungua haitoki hata baada ya miaka, tumia pua. Tundu la antena nyuma likiwa na unga mweupe au kijani, redio imeishi karibu na dirisha la pwani.

Kurusha: usitumie antena, tumia mzigo bandia wa omu 50. Huna? Chukua rezista 20 za kaboni za kiloomu moja, wati 3 kila moja, uziunge sambamba zote, umepata omu 50 na wati 60. Zisiwe za waya wa kuzungushwa, hizo zina koili ndani na zitakudanganya. Piga sekunde chache, acha zipoe. Pima wati kila bendi. Redio nzima ikitoa wati 100 inavuta karibu ampea 20 kwenye volti 13.8. Ikivuta nyingi na kutoa wati 30, transista za mwisho au kichujio kina tatizo, hapo mshukuru mzee upande daladala.

Na angalia herufi nyuma ya namba. Ikiwa ni TS-440V badala ya S, hiyo ni ya soko la Japani, wati 10, kwa ajili ya leseni zao ndogo. Ni kama gari zetu za kutoka Japani, unalipenda gari halafu redio yake inaishia FM 90 na stesheni zako ziko juu ya hapo. Sura ni ileile, unatakiwa ulipe nusu.

Bi_Masafa

Naongezea namna ya kujua kama masafa yake ni sawa. Ingia megahezi 10 kamili, usiku utasikia kituo cha saa cha China, BPM, kinapiga mapigo. Kisikilize kwa USB kisha LSB. Mlio ukiwa sawa pande zote mbili, redio iko kwenye mstari. Ukiwa tofauti sana, imehama, na kwa FT8 (ujumbe mfupi wa kompyuta kupitia redio) au mosi (alama za Morse) itakusumbua.

Babu_wa_Mosi

Zamani tulipimia kwa kituo chetu wenyewe cha redio ya Zanzibar, kilohezi 11735 kutoka Dole. Taarab ikisikika imepinda unajua redio imepinda.

Mpiga_Mita40

Fundi hapo kwenye gundi umenitisha. Swali: nikikuta nukta, niondoke au nikate bei? Na kama mzee akikataa, kwa bajeti yangu nitafute nini?

FundiMlandege

Nukta peke yake zinatibika. Gundi inakwanguliwa yote, vipuri vilivyoliwa vinabadilishwa, koili zinarekebishwa. Ni kazi ya subira, vipuri vyenyewe bei ndogo. Nukta kata bei nusu. Wati zikiwa chini kata zaidi au ondoka. Vyote viwili, ondoka.

Akikataa, tafuta Icom IC-718. Haina mapambo, imeuzwa miaka mingi, inauzika kokote. Kama utaipata kwa bajeti yako hilo ni suala la bahati. Yaesu FT-857D ni ndogo na tamu lakini kioo chake kina tabia ya kujaa mistari kama punda milia, kiangalie. TS-450 na TS-850 ni redio nzuri kuliko 440, ila kapasita zake ndogo zinavuja na kula bodi, kwa hiyo nunua iliyokwisha kubadilishwa. Za valvu, FT-101 na ndugu zake, zinapendeza, sauti tamu, lakini valvu za mwisho za FT-101 zilikuwa za televisheni na hazitengenezwi tena. Na ndani kuna mamia ya volti yanayoua. Redio ya kwanza? Hapana.

Bi_Masafa

Fundi hataki kusema lakini kuna njia ya tatu. Ujenge. QMX ya QRP Labs inakuja vipandevipande, wati 5, ilianza kama redio ya mosi na dijitali, na bei ni dola mia na kidogo. Ukiweka FT8 na simu au laptopu ya zamani, wati 5 kutoka hapa zinafika Ulaya kila jioni. Sisi tuko kisiwani, chini yetu maji ya chumvi, antena pwani inafanya kazi kuliko unavyostahili. Pesa inayobaki unanunua waya.

FundiMlandege

Anataka kuongea na watu, Bi Masafa. FT8 hata salamu haitoshi ndani yake.

Bi_Masafa

Salamu imo. Mazungumzo ndiyo hayamo. Nakubali.

Mpiga_Mita40

Wadau, nimerudi kutoka Unguja. Nilipanda boti Mkoani, nikafika Bububu na mita ya fundi (ahsante sana, itarudi salama).

Mzee ni mtu wa watu. Redio ni S, namba nimeisoma. Skrubu nzima, hazijaguswa. Ndani kuna vumbi na mayai ya mende, kutu kidogo karibu na tundu la antena, hakuna harufu. Imewaka, kioo kizuri, nikasikia stesheni za Kiarabu na za Kichina kwa waya mfupi tu. Mzee akawa anacheka, "si nilikwambia".

Tukaiacha. Tumekula, tumeswali adhuhuri, tumerudi. Mita 40 safi. Mita 20 safi. Nilipogusa mita 15, nukta. Nikarudi 20, namba. 15, nukta. Mzee akasema ni joto la mchana, bendi imefunga. Nikamwambia kwa heshima, mzee wangu, bendi ikifunga namba hazifungi.

Wati: 95 mita 80, 90 mita 40, mita 20 pia karibu na hapo. Ampea 18 na pointi. Kwa hiyo kurusha ni nzima.

Tumevutana mpaka alasiri. Kaanza laki saba. Nikamuonesha bei za vitu vilivyouzwa kwenye simu, akasema hao wazungu wana pesa ndogo. Mwisho tumekubaliana laki tano unusu, na pawa saplai ile kubwa imo ndani, ya ampea 30, nimeipima, inashika 13.8 hata redio ikirusha. Pamoja na maikrofoni. Kaniandikia na hati ya mauziano, jina lake na namba ya redio, mashahidi wawili.

Fundi, iko kwako kesho asubuhi.

FundiMlandege

Umefanya biashara. Hiyo pawa saplai peke yake, ukiinunua mpya, ingekula sehemu kubwa ya hiyo laki tano. Ni ya transfoma au ile nyepesi ya swichi?

Mpiga_Mita40

Ya transfoma, nimeibeba kwa mikono miwili.

FundiMlandege

Nzuri, haina kelele kwenye redio. Zile nyepesi za bei rahisi zinapiga mlio kila kilohezi kadhaa. Na chaja controla za sola hivyohivyo, ukifunga sola baadaye tuzungumze kwanza.

Sahani26

Hongera jirani. Kwa antena usitoe pesa. Dipoli ya mita 40 ni mita 20 za waya, kumi kila upande, kwa mita 20 gawa nusu. Waya wa nyumba wa kawaida unatosha. Katikati ishuke na koaksi ya televisheni, ile ya omu 75, dipoli inaipenda na redio hiyo haitalalamika. Ukifunga kwenye mnazi acha waya ulegee au weka kapi na jiwe, kaskazi ikivuma mnazi unakwenda na kurudi, utaukata ndani ya wiki. Na maungio ya nje yazungushie tepu ya mpira vizuri, chumvi ikiingia kwenye koaksi huitoi tena.

FundiMlandege

Taarifa ya mgonjwa: gundi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, miguu ya kapasita mbili imeliwa. Imetolewa yote, imesafishwa, vipuri vipya, imewaka kutwa nzima mezani na feni imezimwa makusudi. Hakuna nukta bendi yoyote. Gharama tumeelewana na mwenyewe, bado yuko ndani ya bajeti na waya umebaki.

Mpiga_Mita40

Alhamdulillah. Sasa nikiiuza baadaye, niiweke bei gani? Maana na matengenezo imefika laki sita na kitu, bila kuhesabu nauli.

Bi_Masafa

Nauli na chai ya Bububu hazirudi, zisahau. Matengenezo nayo hayaongezi bei juu ya redio nzima, yanaifanya istahili kuitwa nzima. Ila chukua picha za bodi kabla na baada, weka risiti ya fundi na hati ya mzee pamoja na redio. Mnunuzi wa Dar akiona karatasi hizo hatakukata kama ulivyomkata mzee. Na pawa saplai usiiuze na redio. Ile inafaa redio yoyote utakayonunua baadaye.

Dalali_Darajani

Nami nina maikrofoni tatu za pini nane, duara. Nani anataka? Bei ya kaka.

FundiMlandege

Za Kenwood, Icom au Yaesu? Pini nane zote zinafanana kwa sura na waya ndani haufanani. Watu wasije wakachomeka tu.

Dalali_Darajani

Sijui. Hazina jina.

FundiMlandege

Zilete nizipime, kisha ndiyo uuze.

Mgeni_Machomanne

Samahani kuingilia uzi. Marehemu ami ameacha Icom IC-751, iko kabatini, haijawashwa muda. Watoto wake wanataka niiuze wagawane. Nimeona kuna betri ndogo ndani imeshazeeka, nataka niitoe kwanza nisafishe ili ipendeze. Bei gani inafaa?

FundiMlandege

Poleni na msiba. USIITOE hiyo betri. Redio hiyo programu yake inashikiliwa na betri hiyo kwenye kibodi cha kumbukumbu, ukiitoa imepoteza akili na haitafanya chochote mpaka ipate bodi mbadala, na hiyo inaagizwa nje. Kama bado ina volti karibu 3, hiyo redio ina bei. Kama imekwisha, ina bei nyengine kabisa. Waambie warithi wasimuahidi mtu chochote, funga kifuniko kama kilivyokuwa, uilete Mlandege au umsubiri Sahani26 akupimie hapohapo Pemba. Sahani, una mita?

Sahani26

Ninayo. Ijumaa baada ya sala niko Machomanne.